Uyoga wa vuli: maswali yenu sita

Majani yakianza kupukutika katika nchi za baridi, barua za uyoga huja kwa mkupuo. (Vuli ninayoisema hapa ndiyo hiyo ya majani kuanguka, si mvua za vuli.) Nimechagua sita.

*Jana nilipita msituni hapakuwa na kitu, leo uyoga umetapakaa kila mahali. Umetoka wapi?*

Ulikuwepo. Unachokiona juu ya ardhi ni tunda tu. Kuvu yenyewe iko chini mwaka mzima, utando wa nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizotambaa kwenye udongo, majani yaliyooza na magogo. Vuli ikifika udongo bado una joto la kiangazi, mvua zimerudi, usiku umeanza kupoa, nayo kuvu huzaa. Aina nyingi zimeshikana na mizizi ya miti: mti hutoa sukari, kuvu huleta maji na madini kama fosforasi. Kwa hiyo mjuzi wa uyoga akiingia msituni huuliza kwanza huu ni mti gani, mwaloni au msonobari, ndipo ainamishe macho chini.

Ule ughafla nao una siri yake. Kitumba cha uyoga hujiumba polepole kikiwa kimefichika, na kikipata maji ya kutosha huvimba tu. Tunasema maduka “yameota kama uyoga” tukimaanisha bila maandalizi, kumbe uyoga umejiandaa kuliko wengi wetu.

*Nimefundishwa kuuchemsha uyoga pamoja na kijiko cha fedha au kitunguu. Visipobadilika kuwa vyeusi, hauna sumu. Ni kweli?*

Si kweli, na jibu hili nalirefusha makusudi. Hakuna kipimo cha jikoni kinachotambua sumu ya uyoga. Si kijiko, si kitunguu, si kitunguu saumu, wala kumenya ngozi ya kofia. Konokono ameula? Konokono na sungura hula aina zinazomuua binadamu.

Chukua mfano wa uyoga uitwao Amanita phalloides, unaosababisha sehemu kubwa ya vifo vya uyoga duniani. Kofia yake ni ya kijani kilichofifia chenye umanjano, chini yake matamvua (vile vikunjo vyembamba vilivyopangana) ni meupe, shina lina pete, na kitako kimekaa ndani ya kifuko kilichozama udongoni. Waliounusurika wamesimulia kwamba ulikuwa mtamu. Kuuchemsha, kuukausha au kuugandisha hakuiondoi sumu, na mmoja tu unaweza kumuua mtu mzima.

Kibaya zaidi ni mwendo wake. Kwa kawaida saa 6 hadi 12 hupita bila dalili, wakati mwingine hata siku nzima. Kisha huja kutapika na kuhara vibaya, halafu mgonjwa hupata nafuu na watu wa nyumbani hushusha pumzi. Nafuu hiyo ni ya uongo, kwa sababu sumu inaendelea kuzizuia seli za ini kutengeneza protini, na siku ya tatu au ya nne ini huweza kushindwa kabisa. Ukishuku tu kwamba umeula, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hujisikii kuumwa, na ubebe mabaki yake: maganda, vipande vilivyobaki sufuriani, chochote.

Kuna wengine, baadhi ya aina za jenasi (kundi la aina zinazokaribiana) ya Cortinarius, wasio na haraka hata kidogo. Hao hushambulia figo, na dalili zinaweza kuchelewa kwa wiki mbili. Sumu yao ilijulikana baada ya watu zaidi ya 100 kuugua nchini Poland mwaka 1952. Nani atakumbuka chakula cha wiki mbili zilizopita?

*Nimehamia ugenini na nimeona uyoga unaofanana kabisa na tuliokuwa tukila kwetu. Nichume?*

Usichume. Wahamiaji wengi wameponzwa hivyo. Volvariella volvacea, unaolimwa kwenye majani makavu ya mpunga na kuliwa sana Asia, ukiwa mchanga hufanana mno na huo wa kifo niliousimulia hapo juu, kifuko na vyote. Tofauti moja iko kwenye vijimbegu, ule unga wa uzazi unaodondoka chini ya kofia. Kata kofia iliyokwisha kufunguka, ilaze juu ya karatasi, ifunike kwa bilauri usiku kucha. Asubuhi Volvariella huacha unga wa waridi, Amanita huacha mweupe. Lakini usijifunzie sahanini: jaribio hili hukusaidia kukataa, halikupi ruhusa ya kula. Ruhusa hutoka kwa mtu anayeijua misitu ya hapo, ameushika uyoga wako mzima mkononi. Picha ya simu haitoshi, wala programu ya kutambua picha.

*Mtoto ameshika uyoga wenye sumu. Ataumwa?*

Kuushika hakuna madhara. Mnawishe, uhakikishe hakutia kitu mdomoni.

*Kukata kwa kisu au kung’oa?*

Ugomvi huu ni mkubwa kuliko kisa chenyewe. Watafiti wa Uswisi walifuatilia msitu mmoja kwa karibu miaka 30, tangu 1975, wakaona kwamba mavuno ya baadaye hayakupungua kwa kukata wala kwa kung’oa. Kilichopunguza idadi ya uyoga ni kukanyagakanyaga ardhi. Mimi ningesema hivi: usioujua uchimbue wote pamoja na kitako, maana ukikata juu unaacha kile kifuko ardhini, na ndicho shahidi wako mkuu.

*Kisiki kimejaa uyoga wa rangi ya asali, na miti ya jirani inakauka. Kuna uhusiano?*

Yawezekana sana. Huenda ni kuvu aitwaye Armillaria, asiyeishi kwa ushirika bali kwa uvamizi: hutuma kamba nyeusi mfano wa kamba za viatu chini ya magome na udongoni, kutoka mti hadi mti. Bandua gome chini ya shina. Ukikuta utando mweupe unaonukia uyoga, ndiye. Katika msitu wa Malheur, Oregon, Marekani, kuvu moja ya jenasi hiyo imeenea hekta 965 hivi, na umri wake hukadiriwa kuwa miaka 2,000 au zaidi. Juu ya ardhi huonekana vuli tu, kwa wiki chache.