Maswali ya Wasomaji: Je, Ni Haki Kuzaa Wakati Tabianchi Inabadilika?

SWALI

Assalaam alaykum, Bi Mshauri.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lamu, nina umri wa miaka 29, na mume wangu ni mvuvi. Tumeoana miaka mitatu sasa na hatuna mtoto, si kwa maradhi bali kwa sababu nimemwomba mume wangu tungoje. Kisima cha nyumba ya bibi yangu, ambacho yeye alikitumia tangu utoto wake, siku hizi maji yake hayanyweki kwa chumvi. Mume wangu anarudi na samaki wachache kuliko waliokuwa wakiletwa na baba yake, na ule ukame uliopita uliwamaliza ng'ombe wa watu tunaowafahamu upande wa bara. Nimesoma pia kwamba watafiti wa ng'ambo wamepiga hesabu wakaona kuwa hakuna jambo linalopunguza uchafuzi wa hewa kuliko mtu kupunguza mtoto mmoja. Mume wangu anataka watoto. Mavyaa wangu anasema riziki ni ya Mwenyezi Mungu, na kwamba haya ninayoyasema ni maneno ya Wazungu. Je, ni haki kumleta mtoto katika ulimwengu kama huu? Na nikikataa kuzaa, nitakuwa nimemkosea nani?

Mwalimu, Langoni, Lamu

JIBU

Waalaykum salaam, mwanangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, na naona imebeba mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni hatia: unaogopa kwamba mtoto wako ataiongezea dunia mzigo. La pili ni hofu: unaogopa kwamba dunia itamwelemea mtoto wako. Hatia hiyo nakuomba uitue leo hii, kwa sababu si yako. Hofu yako ni ya kweli, nayo inastahili kuangaliwa kipande kwa kipande.

Hesabu uliyoisoma nadhani ni ile iliyochapishwa mwaka 2017 na watafiti wawili waliokuwa Sweden, waliosema kwamba mtu wa nchi iliyoendelea akipunguza mtoto mmoja huokoa wastani wa tani 58.6 za hewa ya ukaa, yaani gesi inayoongeza joto la dunia, kila mwaka. Ni muhimu ujue tarakimu hiyo ilipatikanaje. Mzazi alitwikwa nusu ya hewa ya ukaa itakayotolewa na mtoto wake, robo ya ile ya kila mjukuu, na kuendelea hivyo hivyo kizazi baada ya kizazi, kisha jumla yote ikagawanywa kwa miaka ya maisha ya mzazi huyo. Hivyo mzazi wa leo anahukumiwa kwa safari na umeme wa vitukuu ambao hawajazaliwa, na kwa kudhani kwamba watu hao wataendelea kuchoma mafuta kama yanavyochomwa leo, jambo ambalo nchi nyingi zimeahidi kulibadilisha tangu mkataba wa tabianchi wa Paris wa mwaka 2015. Zaidi ya hayo, hesabu ilitokana na maisha ya nchi tajiri. Mkenya mmoja, kwa wastani, hutoa chini ya nusu tani ya hewa ya ukaa kwa mwaka kutokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe, ilhali Mmarekani hutoa takriban tani 14. Mtoto wa Langoni anayekwenda chuo cha Qur'ani na shuleni kwa miguu, katika mji ambao mizigo yake hubebwa na punda na safari zake nyingi ni za mashua, hakuwemo katika hesabu ile, na si haki kumtia ndani yake kabla hajazaliwa.

Wapo pia wanaosema kwamba tatizo ni Waafrika kuzaa sana. Hao wajibiwe kwa takwimu za nchi yetu wenyewe: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, na utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulipata wastani wa 3.4. Badiliko hilo lililetwa na wanawake wenyewe, waliosoma na kupata huduma za kupanga uzazi, wala halikuhitaji mtu yeyote kuionea haya mimba yake. Katika muda huo huo joto la dunia liliendelea kupanda, kwa sababu linatokana na kinachochomwa na kiasi chake, na sehemu kubwa ya uchomaji huo haikufanyika huku kwetu.

Sasa nije kwenye hofu, ambako sitakufariji kwa maneno matamu. Jopo la wanasayansi wa Umoja wa Mataifa limeeleza kwamba katika muongo wa 2011 hadi 2020 dunia ilikuwa na joto zaidi kwa nyuzi 1.1 kuliko ilivyokuwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, na makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 yalionyesha kwamba sera zilizopo zikiendelea bila mabadiliko, joto hilo litafika karibu nyuzi 3 mwishoni mwa karne hii. Mtoto akizaliwa mwaka 2026 atakuwa na umri wa miaka 74 karne itakapokwisha, kwa hiyo hizi ni habari za maisha yake, si za watu wa mbali. Usawa wa bahari ulipanda kwa takriban sentimita 20 kati ya mwaka 1901 na 2018. Kufikia mwaka 2100 unatarajiwa kupanda tena kwa sentimita 28 hadi 55 iwapo uchafuzi utapunguzwa upesi sana, na kwa sentimita 63 hadi kama mita moja iwapo utaachwa uongezeke mno. Wewe unaufahamu ufuo wetu na unajua maji ya bamvua hufika wapi hata sasa. Ukame wa mwaka 2020 hadi mapema 2023, ambapo misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika, ulifuatwa na mafuriko mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2023. Mtoto wako atakua katika hali ya hewa ambayo haitabiriki tena kama ilivyotabirika ile waliyoijua wazee waliopanga safari na kilimo chao kwa kaskazi na kusi.

Hata hivyo, mwanangu, tazama tena kisima cha bibi yako, kwa kuwa hapo ndipo hofu yako inaposhikika. Maji baridi ya mji wa Lamu hutoka zaidi katika vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hupenya mchangani, na kwa kuwa maji yake ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi kama tabaka. Mvua ikipungua na bahari ikipanda, tabaka hilo huwa jembamba; lakini huwa jembamba vile vile watu wakivuta maji kwa pampu kupita kiasi, wakijenga juu ya vilima hivyo, au wakichota mchanga wake. Sehemu moja ya chumvi ile inatokana na moshi wa viwanda vya mbali, na sehemu nyingine imo katika mikono ya watu wa kisiwa hiki na serikali ya kaunti yao. Katika visiwa vya kaskazini, Kizingitini na Faza kwa mfano, wazee walijenga majabia ya kukusanyia mvua, na nyumba za mawe za mjini zilikuwa na mabirika. Watu hao walizaa na kulea mahali ambapo maji hayakuwahi kuwa mengi, kwa sababu waliyapanga maji kabla hawajayahitaji. Sisemi hivyo kumaanisha kwamba yatakayokuja ni sawa na yaliyopita, maana si sawa. Nasema kwamba swali la kama mtoto wako atapata maji ya kunywa lina majibu ambayo unaweza kuyatafuta, tofauti na swali la kama dunia ni njema au mbaya, ambalo litakukosesha usingizi na lisikupe jibu.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa Lamu hawana budi kulikumbuka wanapozungumzia kesho ya watoto wao. Kulikuwa na mpango wa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe huko Kwasasi, wenye uwezo wa megawati 1,050. Wakazi wa hapa, wavuvi na akina mama wakiwemo, waliupinga kwa miaka kadhaa, na mwezi wa Juni mwaka 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni yake, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wengi wa waliosimama kidete katika jambo lile walikuwa wazazi. Sidai kwamba asiye na mtoto hajali, kwani wapo wasiozaa waliojali kuliko sisi sote. Lakini ile dhana kwamba anayezaa katika zama hizi ameifumbia macho hatari mimi siikubali.

Kuhusu mavyaa wako, usimjibu kwa ukali. Anaposema riziki ni ya Mwenyezi Mungu anategemea aya inayojulikana ya Suratul Israa, inayokataza kuwaua watoto kwa kuhofia ufukara na kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayewaruzuku wao na wazazi wao. Ni maneno mazito, na yawe faraja kwako pia. Ila aya hiyo inazungumzia watoto waliokwisha kupatikana. Kuhusu kuizuia mimba, imepokewa kutoka kwa Jabir kwamba masahaba walikuwa wakifanya azli, yaani mume kumwaga nje ili mimba isitunge, wakati Qur'ani ikiendelea kuteremshwa, na Imam Ghazali aliiruhusu, akataja miongoni mwa sababu zake mtu kuchelea mashaka ya kuwa na watoto wengi. Hukumu ya jambo lako mahususi muulizeni, wewe na mume wako, mwanachuoni mnayemwamini. Mimi nataka tu ujue kwamba kupanga na kungoja si jambo lililoletwa na meli kutoka Ulaya.

Mume wako ndiye wa kuzungumza naye kwanza, na naona katika barua yako kwamba mazungumzo hayo hayajafanyika kikamilifu. Umemwomba mngoje, lakini mngoje nini? Ikiwa mnangoja joto la dunia lishuke, halitashuka katika miaka yako ya kuzaa. Mwambie wazi yale unayoyaogopa, umwache naye akueleze anataka mtoto kwa ajili gani, na mfikie muda mtakaokubaliana. Zingatia kwamba uwezo wa kushika mimba hupungua kwa kasi zaidi baada ya umri wa miaka 35, hivyo kungoja bila kikomo ni uamuzi wa kutozaa unaojifanya bila kuamuliwa na mtu, na huo ndio nisioupenda.

Umeniuliza kuhusu haki, nami sitakwepa. Kama moyoni hutaki mtoto, basi usizae, na hutakuwa umemkosea mtoto ambaye hayupo. Utakuwa na deni la ukweli kwa mume wako, kwa sababu naye ana haki katika jambo hili, na mlipe deni hilo mapema. Lakini kama unamtaka mtoto, na barua yako yote inanionyesha kwamba unamtaka, basi hofu ya tabianchi pekee si sababu ya kujinyima. Zaa kwa kiasi mtakachoweza kukilea, na muache nafasi kati ya mtoto na mtoto. Shirika la Afya Duniani hushauri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine.

Mkiamua kuzaa, hofu igeuke maandalizi. Joto kali limehusishwa na kujifungua kabla ya wakati na kuzaliwa kwa watoto wafu, kwa hiyo mimba yako isiwe ya kubeba ndoo jua la mchana. Huko pwani ya Bangladesh, ambako visima vimeingia chumvi kama vyenu, watafiti waliona uhusiano kati ya maji ya chumvi na shinikizo la damu kwa wajawazito, na shinikizo hilo ndilo huweza kuleta kifafa cha mimba. Usiyanywe maji ya kisima kile ukiwa mjamzito, anza kliniki mapema, na umweleze muuguzi maji ya nyumbani kwenu yakoje hata kama hakukuuliza.

SWALI

Bi Mshauri, mimi ni mvuvi wa Mayungu, Malindi. Binti yangu wa miaka 14 alirudi kutoka shuleni, walikofundishwa habari za tabianchi, akaniuliza mbele ya ndugu zake kwa nini nilimzaa ilhali bahari inakufa. Nilimkemea anyamaze. Tangu siku hiyo haongei nami vizuri. Nimwambie nini?

Baba, Mayungu

JIBU

Ndugu yangu, binti yako hakukutovukia adabu. Aliogopa, akamwendea baba yake. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti uliowauliza vijana 10,000 wa umri wa miaka 16 hadi 25 katika nchi 10, Nigeria ikiwemo, na asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno juu ya mabadiliko haya. Karibu nusu ya wale waliojaribu kuyazungumza na wengine walisema walipuuzwa. Naye sasa amehisi hivyo, na ni wewe unayeweza kumwondolea.

Mwite mkiwa wawili, umwambie kwamba swali lake lilikuwa zuri na kwamba ulimzaa kwa sababu ulimtaka. Kisha umweleze bahari unavyoijua wewe, bila kuipamba. Mwaka 1998 maji yalipata joto kupita kiasi na matumbawe mengi ya Malindi na Watamu yakafa, hata ndani ya hifadhi zilizowekwa tangu mwaka 1968. Katika miaka iliyofuata sehemu ya matumbawe hayo ilianza kurudi, polepole na si yote, na baadaye yakapigwa na joto tena. Bahari imejeruhiwa sana lakini haijafa, na binti wa miaka 14 anaweza kuuelewa ukweli huo kuliko kauli ya kwamba kila kitu kitakuwa sawa. Mchukue ufuoni mashua zinaporudi, umwonyeshe nyavu zinazonasa samaki wachanga na umweleze kwa nini zimepigwa marufuku, na kikundi chenu cha wavuvi kikiwa na kazi ya kupanda mikoko au kulinda mahali pa mazalia, aende nawe. Ukiona anakosa usingizi au anakataa chakula kwa siku nyingi, mpeleke kwa mwalimu wa ushauri nasaha au katika kituo cha afya, usingoje mpaka muhula uishe.