Re: Majani ya mshubiri wangu yamelainika na naumwagia maji kila siku

Salaam dadangu. Umesema mshubiri wako uko kwenye ndoo ya plastiki hapo barazani, waumwagia kila asubuhi na majani ya chini yamelainika yakawa ya kahawia. Kabla ya yote pindua hiyo ndoo uangalie kama ina matundu chini, maana wangu huku Kisauni ulifanya vivyo hivyo nikadhani ni kiu nikazidisha maji, kumbe mizizi imekaa kwenye tope, nilipoung'oa ilikuwa myeusi, yanuka, ukiigusa tu yakatika.

Ung'oe leo. Kata yote iliyooza kwa kisu safi, uweke kivulini siku 3 ama 4 pale ulipokata pakauke, ndio uupande kwenye udongo uliochanganywa na mchanga na kokoto, lakini mchanga wa ufuoni usitie kabisa, una chumvi. Wiki ya kwanza usimwagie. Baadaye tia kidole, udongo ukiwa mkavu mpaka ndani ndio utie maji, na wakati wa masika uutoe kwenye mvua. Shina likiwa limelainika mpaka kati, basi ng'oa vile vichipukizi vya pembeni uvipande, hata kimoja kikishika yatosha.