Kupanda Kilima kwa Viatu vya Theluji: Anza na Upepo

Wengi wakipanga matembezi ya viatu vya theluji, yaani fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili mguu usizame, huuliza kwanza theluji ina kina gani. Kwenye uwanda wa nyasi mimi huuliza kwanza habari za upepo. Msituni miti hukukinga, lakini huku hakuna cha kukuziba, na kileleni ndiko unakovuma kwa nguvu zaidi. Baridi ikiwa nyuzi -10 za Selsiasi na upepo ukienda kilomita 30 kwa saa, uso unaumia kana kwamba ni nyuzi -20. Ukiweza, chagua njia itakayokukutanisha na upepo wakati wa kwenda, ungali na nguvu, ili wakati wa kurudi ukusukume mgongoni.

Ondoka ukisikia baridi kidogo. Kutembea na viatu hivi ni kazi nzito, na ukitoka umejifunika kila kitu utalowa jasho kabla ya kufika mlimani. Jasho hilo ndilo litakalokutetemesha ukisimama. Fulana ya pamba iache nyumbani, vaa ya sufu. Koti zito likae kwenye begi, ulivae mara tu ufikapo juu, kabla hata ya kutoa simu upige picha. Simu yenyewe iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, maana baridi humaliza betri upesi.

Sasa nyasi zenyewe. Mabua marefu huishika theluji na kuacha uwazi chini yake. Kwa juu pametulia, ukikanyaga mguu unazama ghafla hadi gotini, viatu vipana au la. Ukiona ncha za nyasi zimechomoza kwa wingi, pima kwanza kwa fimbo, au zunguka. Napenda zaidi pale upepo ulipoishindilia theluji ikawa ngumu yenye vijimawimbi, kwani hapo meno ya chuma chini ya kiatu hushika vizuri.

Kupanda, fuata mgongo wa kilima wenye mwinuko wa taratibu. Upande uliokingwa na upepo ndiko theluji inakorundikana, na miteremko ya nyuzi 30 hadi 45 ndiyo inayoporomoka zaidi. Nakusihi sana, kileleni usisogee ukingoni. Upepo hujenga pale ubao wa theluji unaoning'inia hewani, na ukiwa juu yake huwezi kuutofautisha na ardhi. Mandhari ni yale yale ukisimama mita kadhaa nyuma.

Vaa miwani ya jua hata kukiwa na mawingu, kwa kuwa theluji mpya huweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale inayounguza macho. Chupa ya maji ibebe kichwa chini: barafu huanzia juu, hivyo mdomo hautaziba.

Mwisho, pangeni saa ya kugeuka kabla ya kuondoka, na ikifika mgeuke, hata kilele kikiwa mbele ya macho. Ukungu ukishuka kwenye uwanda mweupe, mbingu na ardhi huwa kitu kimoja, na nyayo zenu huenda upepo umeshazifukia.