Re: Okidi ya kupeleka Ujerumani, cheti cha KEPHIS chatosha?

Salaam dada. Umeuliza kama cheti cha KEPHIS (shirika la Kenya la afya ya mimea) chatosha kumpelekea shangazi yako Ujerumani ile okidi yako, ansellia, ulonayo hapo Malindi. Hakitoshi, kile ni cha wadudu na magonjwa tu, okidi zote ziko kwenye orodha za CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini) kwahivo wataka kibali cha KWS (shirika la wanyamapori Kenya) pia na shangazi naye achukue kibali cha kuingiza huko kwake kabla mmea haujaondoka. Lakini kwanza angalia imetoka wapi, kama iling'olewa porini, msitu wa Arabuko-Sokoke, basi wacha tu usihangaike. Kama ni ya kitaluni tafuta risiti, mimi maofisa ndiyo waloniuliza mwanzo hata mmea hawajauona. Ama ile miche midogo ya okidi ilooteshwa maabara na bado imo chupani, haitaki kibali cha CITES, afadhali umtumie hiyo.