Hakuna Mteja Aliyeniuliza Fremuweki

Juma lililopita kijana mmoja aliniandikia: "Kaka, nataka kutengeneza mifumo ya kuuza. Nianze na Svelte au Laravel?" Hizo ni fremuweki, yaani viunzi vilivyo tayari vya kujengea programu: Svelte ni ya lugha ya JavaScript, Laravel ni ya PHP. Nilitaka kumjibu kwa mstari mmoja, nikajikuta kimawazo nimerudi Kamukunji, Nairobi, kwenye wauza sufuria.

Mwaka 2023 nilikuwa na kiburi. SvelteKit, ya kujengea programu nzima kwa Svelte, ilikuwa imetoa toleo la 1.0 Desemba iliyotangulia, na miongoni mwa wenzangu ni mimi tu niliyekuwa nimeishika. Nikajifungia chumbani Umoja miezi 7, najenga mfumo wa kusimamia stoo. Kurasa zilifunguka kufumba na kufumbua, grafu zikipanda na kushuka kama mawimbi. Marafiki wakanisifu sana. Wote walikuwa waandishi wa programu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na duka.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mama mmoja anayeuza sufuria kwa jumla. Alivaa miwani, akatazama grafu. "Inacheza vizuri," akasema. "Sasa kijana, mimi nanunua kwa dazeni. Kuna anayechukua seti, kuna anayetaka moja tu. Nikiuza hivyo, nitajuaje zimebaki ngapi?" Mfumo wangu ulijua kipimo kimoja. Nikaingiza mauzo, ukamwambia amebakiwa na dazeni 3.41667. Mama akavua miwani.

Akauliza kama pesa za M-Pesa zikiingia zitajionyesha zenyewe. Daraja, njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, nilikuwa sijaigusa. Akauliza risiti ya eTIMS, ule mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, maana KRA ilikuwa imeshasema kuanzia Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS haitakubaliwa kwenye hesabu za kodi, na wateja wake wenye maduka walikuwa wakimsumbua. Hiyo pia sikuwa nayo. Halafu hosti, yaani mahali pa kuuweka mfumo mtandaoni. Mpwa wake alikuwa amemlipia ile ya bei nafuu yenye cPanel, paneli ya kuisimamia, inayoendesha PHP tu. Mfumo wangu ulihitaji Node, inayoendesha JavaScript kwenye seva, kwa hiyo nikamweleza tutakodi seva, italipiwa kwa dola kila mwezi.

"Dola? Mimi nauza sufuria kwa shilingi."

Niliomba 85,000. Akanunua mfumo wa PHP wa kijana mwingine kwa 30,000, wenye rangi ya kijani ya kuumiza macho. Nimeuona. Nisiseme mengi.

Sasa nyinyi mnaotaka kuuza programu, nisikilizeni. Soko la ajira na soko la kuuza mifumo ni masoko mawili, na sisi tunasoma matangazo ya la kwanza tukidhani tunasoma ya la pili. Kampuni ikitafuta mtu wa React au Next.js, zana nyingine za JavaScript, inanunua mikono yako. Mwenye duka ananunua usingizi. Upya unauzika pale mnunuzi mwenyewe ni fundi, kama wale wanaonunua violezo vya tovuti. Huyo anajua Svelte ni nini na anaweza kuitengeneza ikiharibika. Mama wa sufuria anategemea mpwa, na mpwa anajua PHP.

Tena hesabuni gharama ya kuutunza mfumo. Svelte 5 ilitoka Oktoba 2024 na mtindo mpya wa kuandika. Ule wa zamani bado unakubaliwa, lakini ukiuza mara moja kwa bei moja, siku utakapolazimika kuhama ni wewe utakayekesha bila malipo. Nendeni dukani kwanza. Kaeni pale siku nzima. Nendeni dukani, narudia.

Mimi niliandika upya kwa Laravel, wiki 6 tu, nikaanza na dazeni, kisha M-Pesa, kisha eTIMS. Leo maduka 11 yananilipa kila mwezi, na grafu hakuna aliyewahi kuiulizia.

Mwezi uliopita nilipita kwa yule mama kununua sufuria namba 5. Ule mfumo wa kijani bado upo kwenye skrini. Akanipa risiti, akanitazama juu ya miwani.

"Na ile yako ya kuchezacheza, ulimuuzia nani?"

Nikamwambia nina haraka.