Mkuu, usitupe hayo madumu baharini bila tanga la chini

Mkuu, soma hapa kabla hujanunua hata traka moja. Umesema unataka kujua vifaranga vya pweza vinaelekea wapi vikitoka kwenye mwamba mliofunga usivuliwe huko mashariki ya Unguja, na mpango wako ni kufunga traka za jipiesi juu ya madumu ya lita 20, halafu tanga la chini, yaani ule mkia wa kitambaa unaozama chini ya boya ili livutwe na maji badala ya upepo, umeutoa kwenye bajeti kwa sababu umeambiwa "ni urembo tu". Nani kakwambia ni urembo? Hiyo kauli naijua, sisi tuliambiwa hivyo hivyo na jamaa aliyekuja kutupa semina, akachukua posho yake akaondoka, na msimu mzima wa data ukaenda na maji. Yaani ungeenda na maji ingekuwa afadhali, ulienda na upepo.

Sikiliza. Dumu tupu karibu lote linakaa juu ya maji. Upepo wa mita 8 kwa sekunde, ambao upande ule ni wa kawaida kabisa kusi ikikolea, unalisukuma kama sentimita 20 kwa sekunde kuzidi mwendo wa maji yenyewe, sasa piga hesabu, kwa siku ni kilomita 17 hivi za uongo. Na ubaya wake hutashtuka, kwa sababu kusi inavuma kuelekea kaskazini na mkondo wa pwani yetu nao unaenda kaskazini mwaka mzima, kwa hiyo ramani inatoka safi, mistari imenyooka, kila mtu anapiga makofi. Kaskazi ikiingia boya linapunguza mwendo, na vitabuni imeandikwa kweli kwamba mkondo huo hukaribia mita 2 kwa sekunde wakati wa kusi na hupungua wakati wa kaskazi, basi unaona umepatia. Kumbe uongo umejificha ndani ya ukweli. Halafu upepo wa kaskazi unatokea upande wa bahari kuu, unalikokota dumu kuelekea mwambani, na wewe unaandika kwenye ripoti kwamba vifaranga vinarudi nyumbani, kijiji kinapanga kufunga mwamba kwa kukutegemea wewe, wakati maji yanavipeleka kwa watu wengine kabisa huko kaskazini.

Aliyeliona hili ni nahodha wetu, si yule mtaalamu. Tumesimamisha mashua nje ya mwamba, dumu limelala ubavu, linateleza, pembeni yake kuna majani ya bahari yamekatika yanaelea, yenyewe yanaenda njia nyingine polepole. Mzee akanyoosha kidole, "Wanangu, hicho kidumu chenu kinafata upepo. Maji yanakwenda na yale majani." Hakuna aliyemjibu. Ilikuwa wazi mno.

Kwa hiyo tanga la chini si la hiari. Kwa maji ya juu tengeneza lile boya la msalaba alilobuni mtafiti wa bahari Davis kule California miaka ya 1980, mabawa manne ya turubai kwenye bomba, yote yazame kama mita moja, na juu uache vielea vidogo na antena basi. Maboya ya bahari kuu yanavuta soksi ndefu yenye matundu iliyo mita 15 chini, ila kwako itanasa kwenye matumbawe, achana nayo. Kipimo wanachotumia ni kwamba ukinzani wa tanga la chini uwe mara 40 ya ule wa boya na kamba yake, hapo hata upepo ukiwa mita 10 kwa sekunde boya linateleza kwa mwendo usiofika hata sentimita moja kwa sekunde. Umeona tofauti? Moja na ishirini!

Na tanga ukilifunga, lifunge kikweli, maana tanga likikatika traka inaendelea kutuma kama kawaida. Utafiti wa 2011 ulionyesha kwamba hata kwenye data ya maboya ya dunia nzima kulikuwa na mengi yaliyohesabiwa yana tanga kumbe lilishakatika zamani, na watu walikuwa wanaona mikondo inabadilika kumbe ni upepo. Wao wana pesa na satelaiti, sembuse wewe na kamba ya dukani.

Fanya hivi, nunua machungwa sokoni. Chungwa linazama karibu lote, upepo haulipati. Yamwage pembeni ya boya siku yenye upepo, ukae utazame. Boya likiyaacha machungwa, lirudishe kwa fundi, na wala usimsikilize mtu anayekwambia tofauti ni ndogo. Pesa haitoshi? Punguza idadi ya maboya, matatu yenye tanga yanatosha kuanzia kuliko ishirini ya kupima upepo, upepo Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wanautangaza bure.

Ya laini ipi ya simu ya traka inashika mbali na betri ngapi, wadau wengine watakuja kukujibu. Wewe weka hapa picha ya boya likiwa majini, si likiwa nchi kavu, tuone limezama kiasi gani kabla hujalipa mashua.