Mtoto amepasuliwa ubongo kwa ajili ya kifafa: je, kuendelea na dawa ni upungufu wa tawakkul (kumtegemea Allaah)?

SWALI:

Assalaamu alaykum sheikh. Mwanangu wa miaka 10 alikuwa akianguka kifafa tangu ana miaka 4. Alijaribiwa dawa tatu, hazikumsaidia, na madaktari wakamfanyia upasuaji wa ubongo upande wa kulia, usawa wa sikio. Hii ni wiki ya tatu tangu upasuaji, nasi tuko nyumbani. Siku ya nne baada ya kupasuliwa alianguka mara moja, na tangu hapo hajaanguka tena. Shemeji yangu amemleta mtu anayesoma ruqya (kisomo cha Qur'ani na dua kwa mgonjwa), naye anasema kule kuanguka ni dalili kwamba jini hajatoka, kwamba kupasua kichwa ni kukosa subira kama ya yule mwanamke wa zama za Mtume aliyeugua kifafa, na kwamba tukiwa na yakini tuache vidonge, tumpe siku saba za kisomo pamoja na maji ya kummwagia mtoto kichwani na unga wa kunusa. Mume wangu ameanza kumkubali. Bibi yake mtoto naye analalamika kwamba kunyolewa upande mmoja ni haramu. Mtoto mwenyewe amekuwa mkali, anampiga mdogo wake wa miaka 6 na hataki kusujudu. Baba yake anasema ametimiza miaka kumi, achapwe kwa ajili ya Swala. Nami kwa uchovu nimekuwa nikikusanya Swala. Nifanye nini?

JIBU:

Wa alaykumus-salaam wa rahmatullaah. Dada yangu, la kwanza haliwezi kungoja hoja zimalizike: vidonge visiachwe, hata dozi moja, na unga huo usikaribie pua ya mtoto. Dawa za kifafa zikikatwa ghafla, kuanguka hurudi kwa nguvu, na baya kuliko yote ni ule mfululizo ambapo mtoto anaanguka, hajazinduka, akaanguka tena. Hilo huua. Na fuvu lililofunguliwa wiki tatu zilizopita si la kujaribiwa kwa chafya za kulazimishwa. 

Sasa tumjibu huyo bwana, kwa sababu maneno yake hayako nyumbani kwenu tu.

Amesema kuanguka siku ya nne ni jini aliyebaki. Amejuaje? Kuwepo kwa majini ni katika imani yetu na hatubishani juu yake. Lakini kusema kwamba mtoto huyu, siku hii, ameangushwa na jini ni habari ya ghaibu inayohitaji ushahidi, naye hana. Madaktari wana sababu inayoonekana: ubongo uliokatwa huvimba, na sehemu zilizo jirani na kidonda huwashwa kwa siku kadhaa kabla hazijatulia. Kuanguka ndani ya wiki ya kwanza hutokea kwa baadhi ya watoto, na peke yake hakuthibitishi kwamba upasuaji umeshindwa. Daktari aarifiwe, aandike tarehe, muda na namna ilivyokuwa, kisha mtoto aendelee kufuatiliwa.

Ibnul-Qayyim, mwanachuoni wa zamani ambaye watu hawa hupenda kumtaja, aliandika kwamba kifafa ni cha aina mbili: kinachotokana na roho ovu, na kinachotokana na hitilafu za mwili, ambacho ndicho madaktari wanachotafuta sababu yake na tiba yake. Wao huchukua nusu ya kwanza ya maneno yake na kuificha ya pili. Kabla ya upasuaji kama wa kijana wako, mtoto hupigwa picha za ubongo na kupimwa umeme wa ubongo ili paonekane mahali kuanguka kunapoanzia, ndipo hupasuliwa hapo. Huko India ulifanyika utafiti uliotangazwa mwaka 2017, kwa watoto 116 ambao dawa zilikuwa zimewashinda. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 77 ya waliopasuliwa hawakuwa wakianguka tena, na miongoni mwa walioendelea na dawa pekee ni asilimia 7. Upasuaji una gharama yake vilevile: theluthi moja ya waliopasuliwa walipata madhara makubwa, mengi yakiwa udhaifu wa upande mmoja wa mwili. Nalitaja hili kwa sababu wazazi walioridhia wakiijua hatari hiyo walifanya jambo zito, na haifai mtu aje baadaye kuwaambia walikosa subira.

Na hiyo hoja ya subira ndiyo iliyonikera zaidi. Hadithi ya Ibn Abbaas kwa Bukhari na Muslim ni sahihi: mwanamke alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia kwamba huanguka kifafa na nguo humfunuka, akaomba amwombee. Mtume akampa hiari, asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Akachagua kusubiri, ila akaomba aombewe asifunuke. Itazame vizuri. Alipewa hiari, wala hakukatazwa tiba. Alikuwa mtu mzima akichagua kwa nafsi yake. Na hata yeye hakuridhia madhara yote, aliomba aondolewe lile lililomuumiza zaidi. Wapi humo pana ruhusa ya mtu mzima mwenye afya kumchagulia subira mtoto wa mwenzake? Walii wa mtoto, yaani mzazi au mlezi wake, amepewa amana ya kumtafutia maslahi na kumkinga na madhara. Hana mamlaka ya kuutoa mwili wa mtoto uwe kipimo cha yakini ya wakubwa. Na Mtume huyohuyo alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, alisema jitibuni, kwani Allaah hakuweka ugonjwa ila ameuwekea dawa, isipokuwa uzee.

Ama maji ya kummwagia kichwani, someni kisa alichosimulia Jaabir, alichokipokea Abu Daawud. Mtu alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akaota akahitaji kuoga janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema wamemuua, na kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui. Wale walikuwa watu wema, na waliloamrisha lilikuwa tohara. Basi vipi huyu anayeamrisha maji na unga ambao hakuna faradhi inayoutaka? Tena Mtume amesema anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo ni mdhamini. Mwambieni shemeji amfikishie mwenziwe hukumu hii: mtoto akidhurika kwa kuachishwa dawa, dhima ni yake.

Ruqya yenyewe ni sunna, nanyi wazazi ndio wasomaji bora. Msomeeni Fatiha, Ayatul-Kursiy na sura tatu za mwisho asubuhi na jioni, mkono ukiwa begani au kifuani, si juu ya kovu. Isomwe pamoja na dawa, kwa sauti ya upole, bila kumshika kwa nguvu wala kumpiga wala mafusho. Akianguka, msimzuie na msimtie kitu mdomoni, si kijiko wala kidole. Mlazeni ubavu, ondoeni vitu vigumu kando yake, tazameni saa. Zikipita dakika tano, au akianguka tena kabla hajazinduka, ni hospitali, na kama mlipewa dawa ya dharura mpeni kama mlivyoelekezwa. Hospitali pia, bila kungoja asubuhi, kwa homa, maji yasiyo na rangi yanayotoka kidondani au puani, kichwa kinachozidi kuuma badala ya kupungua, kutapika mfululizo, shingo kukakamaa, usingizi usio wa kawaida, au mkono au mguu uliolegea ghafla.

Dawa zitapunguzwa lini? Hilo ni la daktari wake. Kwa kawaida halifikiriwi kabla ya miezi kadhaa bila kuanguka, na wengi husubiri mwaka mmoja hadi miwili, kisha hupunguza dawa moja moja kwa wiki nyingi. Kama ni dozi mbili kwa siku, zipangeni zikaachana saa 12, saa moja asubuhi na saa moja usiku kwa mfano. Mmoja wenu awe na daftari, atie alama akishaona kidonge kimemezwa. Kinachoharibu mara nyingi ni kila mzazi kudhani mwenzake ameshatoa. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, pigeni simu muulize kama arudie.

Bibi mwambieni kwa adabu kwamba katazo la kunyoa sehemu ya kichwa ni kwa asiye na haja. Mtume mwenyewe alipigwa chuku katikati ya kichwa akiwa katika ihramu.

Nije kwenye Swala ya mtoto, na hapa namwomba baba yake asome mwenyewe. Kijana hakatai kusujudu kwa kiburi. Akiinamisha kichwa, damu hujaa usawa wa kidonda na maumivu hupiga kama nyundo. Msuli wa kutafunia ulio juu ya sikio upande ule kwa kawaida hukatwa ili fuvu lifikiwe, ndiyo maana huenda pia anatafuna kwa shida, na hilo huchukua wiki kadhaa. Mtume (s.a.w.) alimwambia Imraan bin Huswayn aswali kwa kusimama, asipoweza kwa kukaa, asipoweza kwa ubavu. Hayo ameambiwa mtu mzima aliyefaradhishiwa, sembuse mtoto ambaye kalamu haijaanza kumwandikia. Aswali ameketi kwenye kiti, aashirie rukuu na sijda, ya sijda ikizidi kidogo, bila kuinama hadi maumivu yaanze. Katika udhu, kwa madhehebu ya Shafi kupaka sehemu ndogo ya kichwa kunatosha, hata nywele chache, basi apake upande wa mbali na kovu. Akianguka akapotewa na fahamu, udhu umetenguka. Na Ramadhani ikiwakuta kabla daktari hajaruhusu, msimfungishe hata kwa mazoezi: usingizi uliokatizwa kwa daku na dozi iliyosogezwa ni miongoni mwa mambo yanayorudisha kuanguka.

Ama kuchapwa, hadithi ya miaka kumi inamhusu mtoto anayeweza akazembea, na mafaqihi wameshurutisha kipigo kisiumize na kiwe na manufaa. Huyu ni mgonjwa mwenye udhuru. Kumchapa mtoto kwa kuacha sijda ambayo sharia yenyewe imemsamehe ni dhuluma, haijalishi nia ya baba ni njema kiasi gani.

Ukali wake una sababu zaidi ya moja. Baadhi ya dawa za kifafa, levetirasetamu hasa, huwafanya watoto wengine wawe wepesi wa hasira. Dawa za kupunguza uvimbe zinazotolewa baada ya upasuaji nazo huchangia. Sehemu ya ubongo iliyo usawa wa sikio inahusika na hisia, na uchovu wa upasuaji hudumu wiki nyingi, pengine miezi miwili au mitatu. Mwambieni daktari, kwani huenda akabadilisha dawa au kiasi chake. Mtoto akionekana mwenye huzuni isiyomtoka, au akitaja kufa, siku hiyo isiishe bila kuonwa na daktari.

Hata hivyo, sababu hizo hazimpi ruhusa ya kumpiga mdogo wake. Mtenganisheni mara moja, mpelekeni chumba tulivu chenye mwanga hafifu, mzungumze akishatulia. Wasilale kitanda kimoja kwa sasa. Na huyo wa miaka 6 nina wasiwasi naye kuliko mnavyodhani. Tangu azaliwe nyumba imekuwa ikisikiliza kishindo cha kaka yake. Mtume (s.a.w.) alimwambia baba yake Nu'maan bin Bashiir amche Allaah na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Pesa za matibabu haziingii humo, kwani hizo ni matunzo kwa kadiri ya haja na si upendeleo. Muda unaingia. Mpe nusu saa kila siku iwe yake peke yake, simu ikiwa mbali na baba akiwa kwa mgonjwa. Mwelezeni kwa lugha yake kilichotokea, mhakikishieni kwamba si kosa lake, na mfundisheni jambo moja tu: akiona kaka anaanguka, aite mkubwa. Asigeuzwe mlinzi.

Mgonjwa naye apewe kazi ndogo ya nyumbani anayoiweza. Mtoto aliyekuwa akitazamwa kila dakika tangu ana miaka 4 hajui kuishi bila kutazamwa, nanyi pia hamjui kutomtazama. Kuogelea, baiskeli, kupanda juu na michezo ya kugongana vingoje ruhusa. Mlango wa bafu usifungwe kwa ndani. Shule mara nyingi ni baada ya wiki nne hadi sita, aanze kwa nusu siku.

Kuhusu mumeo, naona ni hofu iliyomsogeza kwa yule bwana. Miaka sita ya kuona mwanao akianguka humfanya mtu ashike lolote. Usimjibu mbele ya shemeji. Nendeni pamoja kliniki, yeye mwenyewe amuulize daktari kule kuanguka kwa siku ya nne kulikuwa nini na dawa zikikatwa kitatokea nini.

Kukusanya Swala kwako hakukubatilishia kitu, usizirudie. Kauli mashuhuri kwa Shafi haikuruhusu, lakini Imam Ahmad ameruhusu kwa maradhi, Nawawi, naye ni wa madhehebu ya Shafi, akaitia nguvu kauli hiyo, na wapo walioiruhusu kwa mwenye kuuguza. Pia Ibn Abbaas amesimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alikusanya Madina bila hofu wala mvua, asije akautia umma wake mashakani. Usifanye mazoea, ila usiku ukikulemea kusanya. Baba naye ana udhuru wa kukosa Ijumaa kama hakuna mwingine wa kubaki na mtoto. Ibn Umar aliiacha Ijumaa alipopata habari kwamba Sa'iid bin Zayd anaumwa, akapanda kumwendea. Gawaneni usiku: mmoja mpaka saa nane, mwingine mpaka Alfajiri, na anayemaliza zamu alale chumba kingine.

Na Allaah ndiye Mjuzi zaidi.